Hii Ndiyo Yetu?

Mama alikuja Dar es Salaam mwezi wa tatu kwa ajili ya macho. Daktari alitaka kumwona mara tatu, kila wiki mara moja, ikabidi akae kwangu. Tangu nihamie Mbagala alikuwa hajalala kwangu hata usiku mmoja. Usiku ule wa kwanza umeme ulikatika saa mbili, joto likatukalia, tukatandika mkeka kibarazani. Mbu wa Mbagala hawamchagui mtu, na mgeni wanamjua kwa harufu. Nikaingia ndani nikachukua dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya kijani iliyojizungusha kama konokono, nikaiwasha nikaiweka kwenye kibati chake karibu na miguu yake.

Mama aliinama akaunusa ule moshi. Akanusa tena.

"Hii ndiyo yetu?"

"Ndiyo mama. Ndiyo hiyo."

Nilijibu bila kufikiri, kwa sababu ndivyo nilivyoamini maisha yangu yote. Sisi ni watu wa Uporoto, juu ya Mbeya, njia ya kwenda Kitulo. Pareto ndiyo iliyonisomesha. Tangu darasa la kwanza niliambiwa kwamba yale maua tunayoyachuma asubuhi vidole vikiwa vimekufa ganzi yanakwenda kiwandani Mafinga, yanavuka bahari, kisha yanarudi yakiwa dawa ya mbu. Nilipoanza maisha ya mjini, kila nikiwasha ile dawa nilikuwa naona kama nimewasha kipande cha nyumbani. Niliwahi hata kuwaambia wenzangu chuoni, kwa kujivuna, kwamba moshi ule umetoka kwenye shamba la mama yangu.

Mama akaegemea ukuta. "Mbona hainuki kama yetu," akasema, taratibu, kama anayejisemea.

Kesho yake, alipolala mchana, nikachukua boksi la ile dawa nikalisoma. Sikuwahi kulisoma kabla. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo ambazo mama asingeziona hata kwa macho mazima, palikuwa na jina la sumu iliyomo. Ilikuwa alethrini. Pareto haikuwemo.

Nilikaa na lile boksi mkononi muda mrefu. Halafu nikaanza kusoma kila nilichoweza kukipata kuhusu ua ambalo nililichuma miaka kumi bila kulijua.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, pareto ni mmea mdogo, unakufika magotini au kidogo zaidi. Majani yake yana rangi ya kijivujivu na yamechanwachanwa kama majani ya karoti. Ua lenyewe ni jeupe pembeni na njano katikati. Ni jamaa ya alizeti, na ya ule mchunga mchungu wanaopika watu wa pwani, na hata ya kishonanguo kinachokung'ang'ania suruali ukipita porini. Jamii hii nzima ina jambo moja la kustaajabisha: unachokiona kama ua moja ni mkusanyiko wa maua mengi. Kila ulimi mweupe wa pembeni ni ua. Ile njano ya katikati ni vijiua vingi vilivyosimama bega kwa bega, navyo havifunguki vyote kwa pamoja. Vinaanza vya nje, duara la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, vikielekea katikati.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama shambani. Kosa ambalo lilinipatia kofi mara nyingi kuliko yote utotoni ni kuchuma ua kabla ya wakati wake. "Angalia njano!" alikuwa akisema. "Mistari mitatu, minne. Ikiwa mmoja, liache." Nilidhani ni ukali tu, kwa sababu ua lenye mstari mmoja uliofunguka na lile lenye minne kwa macho ya mtoto yanafanana, na kapu linajaa upesi usipochagua. Kumbe sumu ya pareto, kitu kinachoitwa pairethrini, haimo kwenye zile ndimi nyeupe zinazopendeza. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi imo kwenye vijibegu vidogo vilivyojificha chini ya ile njano, ndani ya vitezi vya mafuta. Ua likichumwa bado limefumba, vitezi havijajaa. Likiachwa mpaka likanyauka, linapukutika na mbegu zake. Katikati ya hapo kuna siku chache ambazo ua limebeba kila kilicho chake, na siku hizo zinajulikana kwa kuhesabu mistari. Mama hajawahi kufundishwa habari ya vitezi na mtu yeyote. Kidole gumba chake kinajua.

Uchumaji wenyewe una namna yake. Unapitisha shina katikati ya vidole, kiganja kikiangalia juu, kisha unalivunja ua kwa gumba bila kuacha kijiti. Vijiti vikiwa vingi kwenye gunia, daraja linashuka, kwa sababu kijiti kina uzito lakini hakina sumu. Na hivyo ndivyo wakulima wanavyozungumza: sumu. "Pareto ya mwaka huu ina sumu nzuri." Nilipokwenda sekondari ya bweni niliwahi kusema sentensi hiyo mbele ya wenzangu wa Morogoro, wakanitazama kama mchawi.

Shamba linarudiwa kila baada ya wiki mbili tatu msimu wa maua, maana hayachanui kwa mkupuo. Umande unaachwa ukauke kwanza. Ua likiingia kapuni likiwa na maji, ndani ya masaa machache kapu linaanza kupata joto kama mtu mwenye homa, na likishavunda halina mnunuzi. Kilo nne mpaka tano za maua mabichi zinakupa kilo moja kavu. Hebu fikiria wepesi wa ua moja, kisha ufikirie ni mara ngapi gumba linavunja kabla gunia halijajaa.

Na pareto inataka baridi. Hili ndilo linaloifunga kwetu. Inafanya vizuri kwenye nyanda za juu, mita 1,800 na zaidi, kule ambako usiku unalala na mablanketi mawili. Ukiipanda kwenye joto haifi. Inaota, inanawiri majani, inakaa hapo imependeza, na maua haitoi, kwa sababu ni baridi ya usiku inayoiambia ifunge vitumba. Jirani yangu hapa Mbagala aliposikia habari hizi aliniomba mche. Nilimwambia nitamletea kwa furaha, ila atafuga majani.

Kuna upande wa kazi hii ambao maboksi hayauandiki. Vumbi la pareto linawasha. Watu wengine haliwagusi, lakini kwa wengine ngozi ya mikono inapasuka, kope zinavimba, chafya haziishi wakati wa kupakia magunia. Mama ni mmoja wao. Kila msimu nilimwona akijipaka mafuta ya mgando mikononi kabla ya kwenda shambani, na kujifunga kitambaa puani. Alipoanza kuona ukungu, yeye mwenyewe alikuwa ameshahukumu: ni pareto. Daktari alimwangalia akasema hapana, ni mtoto wa jicho, umri umefika. Mama hakuonekana kuamini sana. Nilichojifunza baadaye ni kwamba vile vitu vinavyowasha si ile sumu yenyewe. Vimo kwenye ua, na kiwandani wakishaikamua sumu na kuisafisha, vinatolewa. Kwa hiyo anayepuliza dawa sebuleni kwake anapata pareto isiyowasha. Muwasho wote umebaki Uporoto.

Sasa hiyo sumu inafanya nini? Nitasema kwa kifupi nilivyoelewa. Mishipa ya fahamu ya mdudu inapeleka habari kwa kufungua na kufunga vimilango vidogo vinavyopitisha sodiamu. Pairethrini inakwenda kukaa kwenye kimlango na kukizuia kisijifunge. Habari inatumwa bila kukoma. Mdudu anatetemeka, anapoteza miguu, anaanguka, na yote hayo yanatokea ndani ya muda mfupi tu. Sisi watu pia tuna vimilango vya namna hiyo, lakini vyetu si vyepesi kushikwa kama vya mdudu, mwili wetu una joto linaloipunguzia nguvu, na ini letu linaivunja sumu hiyo haraka. Ndiyo maana nchi za Ulaya na Marekani wameitumia hata kwenye dawa za chawa za kupaka kichwani. Samaki lakini hawana kinga hiyo. Mama alikuwa anatukataza kuosha magunia ya pareto kwenye kijito, na hilo pia nililiona kama ukali wa bure. Nyuki nao inawaua, kwa hiyo anayeipuliza bustanini na apulize jioni, nyuki wakiwa wamesharudi mzingani.

Lakini sifa ya pareto ninayoipenda kuliko zote ni kwamba haikai. Jua linaivunja. Ukipuliza mboga jioni, wadudu wanaanguka usiku, na kufikia kesho yake jua la mchana linakuwa limeshaifuta sehemu kubwa. Haijikusanyi kwenye udongo mwaka hadi mwaka, haifuati maziwa ya ng'ombe mpaka kwenye kikombe cha mtoto. Inafanya kazi, inaondoka. Ukiyatazama maua kwenye turubai pale uani utajiuliza inawezekanaje yaanikwe juani kama jua ndilo adui yake. Ua zima linailinda sumu yake, vitezi vimefunikwa. Ukilisaga ndipo unaivua nguo. Kwa hiyo mama anaanika maua mazima, anayageuza, akishaona ukilisugua ua katikati ya vidole linavunjika kama jani la chai kavu, anayaingiza kwenye gunia gizani. Ya matumizi ya nyumbani anayasaga siku anapoyahitaji, si kabla.

Mmea wenyewe si wa kwetu. Kwao ni pwani ya Dalmatia, nchi ambayo leo ni Kroatia, kwenye miamba inayotazama bahari ya Adriatiki. Kabla yake ulikuwepo unga uliosifika kwa jina la Uajemi, uliotokana na ndugu yake mwenye maua mekundu huko Kaukasi. Kutoka Dalmatia mbegu zilifika Japani mwishoni mwa karne ya 19, na mtu aliyezikuza huko, Eiichiro Ueyama, ndiye aliyetengeneza dawa ya mbu ya kuchoma. Kwanza watu walikuwa wanaunguza unga wa pareto na pumba za mbao kwenye chombo cha makaa, moshi ukawa mwingi mno. Karibu mwaka 1890 akauchanganya unga huo na wanga akatengeneza vijiti kama udi. Vilikuwa vinaungua dakika 40 tu. Mkewe, Yuki, ndiye aliyetoa wazo mwaka 1895 la kuvizungusha, ili kijiti kiwe kirefu bila kuchukua nafasi, kiungue usiku kucha. Ile duara ya kijani kibarazani kwangu imetoka kwenye kichwa cha mwanamke huyo.

Kenya iliipata pareto mwishoni mwa miaka ya 1920, na katika muongo uliofuata mashamba yakatapakaa kwenye nyanda za juu za Molo na Kinangop. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Japani ndiyo iliyokuwa muuzaji mkuu wa dunia. Ikawa adui. Majeshi ya upande wa pili yalikuwa yanapigana kwenye nchi za malaria na yalihitaji pareto kuliko wakati wowote, na mahali pa kuipata pakawa Afrika Mashariki, zikiwemo Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika. Wamarekani wawili, Goodhue na Sullivan, walitengeneza wakati huo kopo la chuma lenye gesi la kupulizia pareto kwenye mahema ya askari. Makopo yote ya kupuliza unayoyaona leo dukani, ya manukato, ya rangi, ya nywele, yanatokana na kopo lile. Sijawahi kusikia mtu yeyote wa Uporoto akilisema jambo hili, na nadhani lingestahili kusemwa mbele ya watoto shuleni.

Kenya ilibaki juu kwa miongo mingi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inatoa sehemu kubwa ya pareto yote ya dunia. Kisha ikaporomoka, wakulima waking'oa na kupanda viazi, na mwaka 2013 sheria mpya ikafungua biashara kwa kampuni binafsi. Kiti cha mbele kikachukuliwa na Tasmania, kisiwa cha Australia, ambako pareto inavunwa kwa mashine, shamba zima kwa mara moja. Rwanda wanailima chini ya volkano za Musanze, na hapo kuna habari isiyofurahisha: mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya hifadhi ya sokwe wa milimani ilikatwa ili kupanda pareto. Ua lenyewe halina kosa, lakini nisingependa kulisifia nikaficha hilo.

Nirudi kwenye boksi langu, na ile alethrini.

Wanakemia wawili, Staudinger na Ruzicka, walikuwa wakiichambua pareto toka 1910 hadi 1916, kwanza Ujerumani kisha Zürich, na mwaka 1924 wakachapisha umbo la sumu yake. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobeli kwa kazi nyingine. Ukishalijua umbo la kitu, unaweza kujaribu kuliiga. Mwaka 1949 Wamarekani wakatangaza nakala ya kwanza iliyofaa sokoni, alethrini. Kisha Michael Elliott na wenzake, wa kituo cha utafiti cha Rothamsted kule Uingereza, wakaikabili ile sifa ya pareto niliyosema naipenda: kwao ilikuwa kasoro. Mkulima wa pamba anataka dawa isiyofutwa na jua. Mwaka 1973 wakatoa pemethrini, inayostahimili jua. Mwaka uliofuata deltamethrini.

Hizi ndizo zilizomo kwenye vyandarua vyetu. Chandarua ulicholalia jana usiku, ikiwa kimetiwa dawa, kwa kiasi kikubwa kina mtoto wa pareto ndani yake, aliyezaliwa kwenye chupa. Arusha kuna kiwanda, A to Z, kilichotengeneza vyandarua vya pemethrini kwa mamilioni. Vimeokoa watoto wengi na sitathubutu kuvibeza. Nimelala chini yake, wanangu wamelala chini yake.

Ila mbu nao hawakukaa bure. Dawa inayokaa inampa mdudu muda wa kuizoea, na mbu wa sehemu nyingi za Tanzania wameizoea. Wana vimeng'enya vinavyoivunja kabla haijawadhuru. Na suluhisho lililoletwa lilinirudisha kwenye pareto kwa njia ambayo sikuitegemea kabisa. Mwaka 1940 huko Marekani iligundulika kwamba ukichanganya pareto na mafuta ya ufuta, nguvu yake inaongezeka sana. Ufuta! Huu huu wa Lindi na Mtwara. Mafuta hayo peke yake hayaui kitu, ila yanamnyima mdudu uwezo wa kuivunja sumu. Wataalamu wakafuata njia hiyo mpaka wakatengeneza dutu inayofanya kazi hiyo hiyo, piperonili butoksaidi, na tangu wakati huo ikawa inawekwa kwenye makopo ya pareto. Miaka zaidi ya sitini baadaye wakaitia kwenye vyandarua. Jaribio kubwa lilifanyika Muleba, mkoani Kagera, na vyandarua vyenye dutu hiyo viliwakinga watoto na malaria kuliko vile vya kawaida. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Kilichobuniwa kwa ajili ya ua la mama yangu ndicho kilichokuja kuwaokoa watoto wake wa chupa walipochoka.

Ghalani ni hivyo hivyo. Wa umri wangu mnamkumbuka dumuzi, au Scania kama tulivyomwita, kwa kuwa alibeba mahindi kama lori. Aliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 kutokea Amerika ya Kati, akaonekana kwanza upande wa Tabora. Huyu si fukusi wa kawaida; anatafuna punje mpaka inabaki unga, na miti ya ghala anaitoboa. Dawa ya kawaida ya fukusi haikumtosha, ndipo ukaletwa ule unga wenye vitu viwili, kimoja cha fukusi na kingine, pemethrini, cha dumuzi. Baba alikuwa anaununua dukani kwa pesa ya pareto. Tuliuza ua, tukanunua nakala yake. Hakuna aliyetuambia.

Maharage lakini mama hajawahi kuyatia dawa ya dukani. Anachukua maua makavu, anayatwanga kwenye kinu kidogo alichokitenga kwa kazi hiyo tu, anachekecha, anachanganya unga na maharage ndani ya gunia na kulifunga barabara. Wakati wa kupika anayapepeta na kuyaosha mara mbili. Kuku wakipata utitiri anawapaka unga huo chini ya mbawa na kuutia kwenye viota. Mbuzi na mbwa wenye viroboto, vile vile. Bustani ya kabichi anailowekea maua kwenye ndoo ya maji ya moto na kipande cha sabuni, anachuja, ananyunyiza jioni. Sina vipimo vyake, anapima kwa viganja. Kinachonisikitisha ni kwamba nyumba zinazofanya hivi zinapungua hata kule kwetu, ambako maua yamejaa mpaka uani. Unaona mtu ana gunia la pareto mlangoni linasubiri gari, na kwenye bustani yake anapuliza dawa ya dukani ambayo lugha ya lebo yake haisomi.

Kuhusu pesa nitasema kidogo, ingawa ningeweza kusema mengi. Nikiwa kidato cha pili maua yetu yalipimwa, yakaandikwa kwenye daftari, gari likaondoka nayo, na malipo hayakuja msimu mzima. Tuliambiwa subirini. Mama alikwenda pale mahali pa kununulia kila Jumatatu, kilomita tisa kwa miguu, akarudi na neno hilo hilo. Nilirudishwa nyumbani kutoka shule mara mbili kwa ajili ya ada. Majirani wengi waling'oa mwaka ule, wakapanda viazi, na siwalaumu. Mama alibakiza robo eka. Nilimuuliza kwa nini, akasema shina la pareto ukishaling'oa lote huna pa kupasua. Maana kwa mama pareto nzuri haipandwi kwa mbegu. Shina la miaka mitatu minne linang'olewa, linapasuliwa vipande vyenye mizizi, na kila kipande ni mmea mpya unaofanana na mama yake. Bei ziliporudi kuwa nzuri, waliong'oa walikuja kuomba vipande kwenye ile robo eka. Aliwapa bure.

Wiki ya tatu ikaisha. Daktari alimpangia tarehe ya upasuaji, mama akasema atarudi baada ya kupalilia. Usiku wa mwisho umeme haukukatika lakini tulikaa kibarazani vile vile, kwa kuwa alishapazoea. Nikamwambia.

"Mama, ile dawa ya mbu. Nilikudanganya siku ile bila kujua. Nimesoma boksi, si yetu. Ni kitu kilichotengenezwa kuiga yetu."

Alinyamaza kidogo. "Nilijua," akasema. "Pua haijapata mtoto wa jicho."

Kisha akaniambia nilete ule mfuko wa maharage aliokuja nao. Chini kabisa, kwenye nailoni iliyofungwa mafundo mawili, alikuwa ameweka maua makavu mazima, nusu kilo hivi, kwa ajili ya maharage yakianza kubunguliwa. Nikaleta jiko la mkaa lililokuwa na makaa machache ya chakula cha jioni. Mama akasugua konzi moja ya maua kwenye viganja, akainyunyizia juu ya makaa, akasogea nyuma akajifunika pua kwa ncha ya kitenge.

Moshi ulipanda mweupe, mzito, na harufu yake ikanipiga kifuani: uani kwetu, turubai, jua la mchana, blanketi la baba. Mwanangu wa mwisho alitoka ndani akikohoa akauliza tunachoma nini. Bibi yake akamwita akae upande ambao upepo hauleti moshi. Akamshika mkono, akatoa ua moja zima kwenye nailoni, akaliweka kwenye kiganja chake na kumwonyesha ile njano, akihesabu mistari kwa kucha ingawa najua hakuwa anaiona. "Moja. Mbili. Tatu. Hili lilichumwa vizuri."

Mbu walikwisha. Tukakaa tukizungumza habari za nyumbani, nani kaoa, nani kazika, mvua imefikia wapi. Moshi ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Haikupita hata nusu saa mwanangu akajipiga kofi mguuni.

"Bibi, imeisha?"

"Imeisha."

Akamsogezea nailoni. "Ongeza. Konzi moja, mkono wako ni mdogo."

Mtoto akasugua maua kama alivyomwona, akanyoosha mkono juu ya makaa, akaachia.